Barakoa za oksijeni zilidondoka tukitoka Mwanza: je, rubani alifanya sahihi, na mimi nilikosea wapi?

Mwalimu wa Chumbageni aliuliza:

Assalaam aleikum, na kwa wengine habari za jioni. Naandika kutoka nyumbani Chumbageni hapa Tanga, siku ya tisa tangu turudi safarini. Naomba mnisome kwa uvumilivu, kwa sababu jambo hili linamhusu mama yangu mzazi, ambaye tangu siku ile ameshika msimamo kwamba hatakanyaga tena ndani ya ndege, na hali mwakani anatarajia kwenda Hija aliyoiwekea akiba kwa miaka kumi na moja.

Tulikuwa watatu: mimi, mama mwenye umri wa miaka 68 na pumu ya tangu ujana, na mwanangu wa miaka minne. Tulikwenda Mwanza msibani, na wakati wa kurudi tukapanda ndege ya jeti hadi Dar es Salaam ili tuunganishe na basi la Tanga. Shirika silitaji, kwa kuwa sikuja hapa kulishitaki. Yapata nusu saa baada ya kuruka, masikio yangu yalianza kuzibuka yenyewe mara kwa mara, nikadhani labda tumeanza kushuka mapema. Mtoto akaanza kulia huku ameshika sikio la kushoto. Pakiti ya biskuti aliyokuwa ameipakata ilikuwa imevimba ikawa ngumu kama mpira, na nilikuwa bado naitazama pakiti hiyo pale vifuniko vya juu ya vichwa vyetu vilipofunguka kwa kishindo, barakoa za manjano zikaning'inia mbele ya nyuso zetu.

Sauti iliyorekodiwa ikawa inarudia maneno yale yale ya kuvuta barakoa na kufunga mikanda. Kisha ngurumo ya injini ikafifia, pua ya ndege ikainama, na ndege nzima ikaanza kutetemeka kama basi lililoingia barabara ya kokoto. Watu walipiga mayowe, na wengine nikawasikia wakitoa shahada. Mimi nilimtanguliza mama kwa sababu ya pumu yake. Mtandio wake uliukwamisha ukanda wa mpira usipite kisogoni, nikahangaika nao mpaka ukakaa, na nilipogeukia upande wa mtoto nikajikuta nimeshika barakoa yake naitazama tu, sikumbuki kinachofuata. La ajabu ni kwamba sikuwa na hofu, wala sikuhisi kubanwa na pumzi. Nilijiona mzima kabisa. Mama ndiye aliyenivuta kwa bega akanibandika barakoa yangu usoni, na baada ya kuvuta pumzi chache ndipo nilipoona kuwa kucha za mwanangu zimegeuka rangi ya zambarau. Nikamvalisha.

Kushuka kule kulichukua kama dakika tano, kisha ndege ikatulia. Rubani hakusema neno lolote hadi ilipotulia. Tuliendelea chini chini, mashamba na barabara za vumbi zikionekana wazi, mpaka Dar es Salaam, tukatua salama, alhamdulillahi.

Ninachouliza ni hiki. Je, ndege ilikuwa inaanguka rubani akaidaka, kama abiria wengi walivyoamini, au alikuwa amekusudia kushuka vile? Kwa nini alinyamaza muda wote ule? Mama anashikilia kwamba barakoa yake ilikuwa mbovu, kwa sababu mfuko wake wa plastiki haukujaa hata mara moja na pale juu palikuwa na harufu ya kitu kinachoungua. Je, alipata oksijeni au hakupata? La mwisho ndilo linaloninyima usingizi: nilikosea kumtanguliza yeye?

Fundi Mstaafu, Raskazone, alijibu:

Waaleikum salaam, Mwalimu, na poleni sana nyote watatu. Nilifanya kazi ya ufundi wa ndege kwa miaka 31 kabla ya kurudi kupumzika hapa Raskazone, kwa hiyo nitajibu yale yanayohusu mtambo. Ya barakoa nawaachia waliokuwa wakiyafundisha kila siku.

Nianze na hewa yenyewe, maana swali lako la kwanza halijibiki bila hiyo. Watu husema huko juu hakuna oksijeni. Oksijeni ipo, na sehemu yake katika hewa ni ile ile asilimia 21 tunayoivuta hapa ufukweni. Kilichopungua ni mgandamizo unaoisukuma iingie kwenye damu. Kwenye futi 18,000, ambazo ni chini kidogo ya kilele cha Kilimanjaro, mgandamizo huo ni nusu ya ule wa usawa wa bahari, na kwenye futi 35,000 haufiki hata robo. Ndiyo sababu ndege husukuma hewa ndani ya chumba cha abiria muda wote wa safari. Jeti nyingi huichota kutoka kwenye injini, hewa iliyokwisha kubanwa lakini ambayo bado haijachanganywa na mafuta, ikapozwa ndipo ikaingizwa ndani. Boeing 787 hutumia pampu za umeme badala yake.

Wengi hudhani mwili wa ndege umezibwa kama chupa ya soda, nao sivyo ulivyo. Ufananishe na tyubu ya baiskeli yenye tundu dogo ambayo fundi hajaacha kuipampu: upepo unaingia wakati wote na unatoka wakati wote, na tyubu inabaki imejaa kwa sababu unaoingia unafidia unaotoka. Tundu lenyewe ni la makusudi. Ni vali, kwa kawaida iliyowekwa upande wa mkiani, inayojifungua na kujibana yenyewe kwa amri ya kompyuta ili hewa ya chumbani ibaki kama ya mahali penye kimo kisichozidi futi 8,000, yaani mita 2,400 hivi. Kwa maneno mengine, hata katika safari isiyo na tatizo lolote, mwili wako huwa kama umepanda mita 1,000 juu zaidi ya Lushoto mjini.

Kilichowapata ninyi ni ama upepo unaoingia ulipungua ama tundu lilizidi. Sitakisia ni lipi kati ya hayo, kwa kuwa hiyo ni kazi ya wachunguzi wenye kumbukumbu za ndege mkononi. Hata hivyo dalili ulizozitaja, masikio kuzibuka yenyewe na pakiti ya biskuti kuvimba, zinaonyesha kwamba hewa ilikuwa inapotea polepole. Ingekuwa mpasuko, ungesikia mlio kama wa bunduki, na chumba kingejaa ukungu kwa muda mfupi, kwa sababu hewa inayotanuka ghafla hupoa na unyevu wake hugeuka matone. Watu huudhani ukungu huo ni moshi, wakazidi kutishika.

Hewa ya chumbani inapofikia hali ya futi 10,000, king'ora huwalilia marubani. Inapofikia karibu futi 14,000, vifuniko vya barakoa hufunguka vyenyewe. Rubani huvaa barakoa yake kwanza, nayo imetengenezwa aweze kuivaa kwa mkono mmoja ndani ya sekunde tano, kisha huhakikisha anasikilizana na mwenzake, hutazama kama vali inaweza kurudishwa katika hali yake, na akiona haishikiki hushuka. Hupunguza nguvu za injini hadi chini kabisa, huinua vibao vya juu ya mabawa vinavyozuia upepo, na huielekeza ndege chini kwa futi 5,000 au 6,000 kila dakika, pengine na zaidi. Ule mtetemo wa barabara ya kokoto ulisababishwa na vibao hivyo kukatiza upepo. Ngurumo kufifia hakukuwa injini kuzimika. Kutoka futi 35,000 hadi 10,000, mahali ambapo mtu mwenye afya hupumua bila msaada, ni kama dakika tano, na hesabu hiyo umeitoa mwenyewe. Ndege inayoanguka haijichagulii mahali pa kutulia, Mwalimu. Yule rubani alijua anakokwenda tangu alipoinamisha pua, na kushuka kule ndiko kulikokuwa tiba yenu, kwa maana hapakuwa na njia nyingine ya haraka ya kuwarudishia hewa.

Ndiyo maana pia hakupanda tena. Kule juu hapakuwa na hewa ya kuwarudishia, na barakoa zilikuwa zimekwisha kutumika.

Kuhusu ukimya, fikiri alikuwa na nini mikononi. Anarusha ndege, anahakikisha chini yake hakuna mlima wala ndege nyingine, anawaarifu waongoza ndege kuwa ameacha kimo alichopangiwa, anaweka namba 7700 kwenye mtambo wa utambulisho ili kila rada imtambue kuwa yuko hatarini, na yote hayo anayafanya akiwa na mpira uliofunika mdomo na pua. Kuwahutubia abiria huja baada ya hayo. Najua dakika tano za ukimya zinauma, lakini ningepata wasiwasi zaidi kama angekuwa anaongea.

Binti Pangani alijibu:

Shikamoo Mzee Fundi. Mwalimu, pole dada yangu, na umpe mama salamu zangu za heshima. Nilikuwa mhudumu wa ndege kwa miaka 14 kabla sijarudi Pangani, na barakoa hizo nimezionyesha mbele ya abiria mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mfuko ule haukutengenezwa ujae kama puto. Oksijeni hutiririka bila kukatika, na mfuko huihifadhi unapotoa pumzi ili uipate unapovuta. Mtu anayehema haraka kwa hofu huumaliza kabla haujapata nafasi ya kuvimba. Katika maelezo ya kabla ya kuruka tulikuwa tukisema kila siku kwamba mfuko unaweza usijae ingawa oksijeni inapita, na nimesikitika mara nyingi kuona sentensi hiyo ikipita watu wakiwa wanatazama simu zao.

Harufu nayo ina maelezo. Katika ndege nyingi oksijeni ya abiria haitoki kwenye mtungi. Inatoka kwenye kikopo chenye kemikali kilichofichwa juu ya viti. Unapoivuta barakoa kuelekea usoni, uzi wake hufyatua pini, kemikali huanza kuungana, oksijeni hutoka, na pamoja nayo hutoka joto kali linalounguza vumbi lililojikusanya juu ya kikopo kwa miaka. Harufu iliyomtisha mama ilikuwa dalili kwamba kikopo kimewaka. Kikishawaka hakizimwi, na vikopo vingi hutoa oksijeni kwa takriban dakika 12. Mzee Fundi ameshawapa hesabu ya kushuka, kwa hiyo mnaona kuwa muda huo unatosha na kubaki.

Sasa nije kwenye swali linalokunyima usingizi, nami nitakujibu bila kuzunguka kwa sababu najua umeuliza ili ujue. Ndiyo, ulikosea, na karibu kila mzazi na kila mtoto mwenye mapenzi angekosea vivyo hivyo. Hisia ya kubanwa pumzi huletwa na hewa chafu kujaa mwilini, wala hailetwi na oksijeni kupungua. Kule juu hewa chafu unaitoa kama kawaida, kwa hiyo mwili haupigi kelele yoyote. Akili inapungua huku mwenyewe ukijiona timamu, na wengine hufurahi kabisa. Kwenye futi 35,000, ikiwa hewa yote imetoka, mtu hubaki na nusu dakika hadi dakika moja ya kuweza kufanya jambo la maana. Kwenye futi 25,000 ni dakika tatu hadi tano. Kwenu haikufikia kiwango hicho cha juu kwa ghafla, na pamoja na hayo mikono yako iliacha kukutii. Kuvaa barakoa yako kunachukua sekunde chache. Ukishavaa, una dakika nzima nzima za kuwahudumia wawili. Ukianza na wao, unahatarisha kutofika hata kwa wa pili, na ndilo lililokupata ulipomgeukia mtoto.

Nitawaeleza kwa nini jambo hili lilitiwa mkazo sana katika mafunzo yetu. Tarehe 14 Agosti 2005 ndege ya shirika la Helios, Boeing 737, iliruka kutoka Larnaca nchini Kupro kwenda Athens. Usiku wa kuamkia siku hiyo mafundi walikuwa wameipima kama inavuja, na swichi ya kusimamia mgandamizo ikaachwa kwenye hali ya kuendeshwa kwa mkono. Ndege ikapanda bila vali kujibana inavyotakiwa. King'ora kilipolia, marubani walikidhani ni kile kingine cha sauti ile ile, ambacho huhusu maandalizi ya kuruka ndege ikiwa bado ardhini, na wakawa wanazungumza na fundi kwa redio juu ya jambo jingine huku akili zikiwatoka. Walikuwa na barakoa zao pembeni mwa viti, umbali wa kunyoosha mkono. Ndege ilijiendesha yenyewe hadi Ugiriki ikazunguka juu yake mpaka mafuta yakaisha. Marubani wa ndege za kivita za F-16 waliotumwa kuitazama walimwona rubani msaidizi ameinama kwenye kiti chake, kisha wakaona mtu ameingia chumba cha marubani. Alikuwa mhudumu, Andreas Prodromou, aliyebaki na fahamu, lakini muda ulikuwa umekwisha. Watu wote 121 walifariki. Baada ya hapo Boeing 737 ziliongezewa taa za kulitofautisha onyo hilo. Mimi kila nilipofunga mlango wa ndege nilimkumbuka kijana yule.

Dada, kuna jambo umeliandika halafu ukalipita. Umesema mama ndiye aliyekuvuta bega na kukubandika barakoa. Mtu ambaye barakoa yake haitoi oksijeni, mwenye miaka 68 na pumu, asingeweza kuona kwamba mwanawe amepotewa, akaishika barakoa nyingine na kuielekeza mahali pake. Ushahidi kwamba barakoa ya mama ilifanya kazi ni wewe.

Kijana wa Makorora alijibu:

Shikamooni wakubwa. Nina mambo mawili. Kwanza, Mzee Fundi anasema ndege hushuka hadi futi 10,000, lakini Kilimanjaro ni mita 5,895, ambazo ni zaidi ya futi 19,000. Ndege ikipata tatizo hili karibu na mlima huo itashukia wapi? Pili, ndege ndogo zinazotoka hapa Tanga kwenda Pemba na Unguja hazina barakoa hata moja. Nimepanda mara mbili na nikatazama juu ya kiti sikuona kifuniko chochote. Inakuwaje abiria wa jeti wawekewe na sisi tusiwekewe?

Fundi Mstaafu, Raskazone, alijibu:

Marahaba, mwanangu. Maswali yote mawili ni mazuri.

Futi 10,000 ni lengo pale ambapo ardhi inaruhusu. Kila eneo lina kimo salama cha chini kabisa kilichoandikwa kwenye ramani za marubani, na kinachofuatwa ni kile kilicho juu zaidi kati ya hivyo viwili. Karibu na Kilimanjaro na Meru, ambao nao una mita 4,566, rubani hugeuza kwanza kuelekea kwenye nyanda za chini huku akishuka, kisha humalizia kushuka akishauacha mlima nyuma. Njia zinazopita juu ya milima mirefu kwa muda mrefu hupangiwa mapema mahali pa kukimbilia, na oksijeni inayobebwa huhesabiwa kulingana na hilo. Mama wa Mwalimu akienda Jeddah kwa njia ya juu ya nyanda za Ethiopia, ajue kwamba hesabu hiyo imefanywa kabla hajaketi.

Ndege ndogo za Pemba, zile za injini moja ya panga, hazijazwi hewa kabisa. Zinaruka chini, bahari unaiona na majahazi unaweza kuyahesabu, hivyo unachopumua ni hewa ile ile ya nje. Kisichojazwa hakiwezi kupungua. Ndege kubwa kiasi za mapanga hujazwa hewa, lakini zile zilizoidhinishwa kuruka mwisho futi 25,000 kwa kawaida haziwekewi barakoa za kudondoka, kwa sababu kutoka kimo hicho rubani anaweza kushuka kabla ya madhara makubwa. Barakoa za kudondoka ni za wanaopita juu ya hapo.

Niongeze neno moja juu ya mkanda, kwa sababu Mwalimu hakuutaja nami sitaki tuusahau. Tarehe 28 Aprili 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines huko Hawaii ilipasuka paa ikiwa futi 24,000, sehemu kubwa ya ganda la juu ikang'oka, na abiria wa safu za mbele wakajikuta wako nje kweupe. Mhudumu mmoja aliyekuwa amesimama alipeperushwa akapotea. Abiria wote walikuwa wameketi na kufunga mikanda, na wote walirudi chini wakiwa hai. Ndege ile ilikuwa imeruka takriban mara 90,000, safari fupi fupi kati ya visiwa, ikijazwa na kutolewa upepo kila mara huku hewa ya chumvi ikiila maungio yake. Sisi wa pwani tunajua chumvi inavyoyafanya mabati ya nyumba zetu. Tangu hapo ukaguzi wa ndege kuukuu ukawa mkali kuliko ulivyokuwa, na miaka mingi ya kazi yangu niliitumia nikiwa na tochi na kioo kidogo, nikitazama misumari bapa ya maungio hayo mmoja baada ya mwingine.

Mpiga Mbizi wa Sahare alijibu:

Mimi si mtu wa ndege, lakini mgandamizo naujua kwa masikio yangu. Ukizama mita 10 tu, mgandamizo juu ya mwili wako huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji, na sikio hukuambia mapema. Mtoto wa Mwalimu aliumia wakati hewa ikipungua, na bila shaka aliumia zaidi wakati ndege ikishuka kwa kasi, kwa sababu hapo hewa ya nje husukuma ngoma ya sikio kuelekea ndani na mrija wa nyuma ya pua hauwahi kufunguka. Mtu mzima ameze mate, apige miayo, au abane pua na kupuliza taratibu mdomo ukiwa umefungwa. Mtoto apewe maji anywe funda kwa funda, au kitu cha kutafuna, ila barakoa itangulie. Kama bado analalamika au sikio linatoa maji, mpelekeni hospitali, msimtie mafuta ya moto kama tufanyavyo.

Nina ombi kwa vijana wenzangu wanaozama kutafuta kamba na majongoo bahari, na kwa wageni wanaokuja kuzama kwenye miamba yetu. Hewa ya naitrojeni uliyoivuta chini kwa mtungi hubaki kwenye damu. Ukipanda ndege mapema inageuka mapovu, kama soda iliyofunguliwa, na mapovu hayo huumiza viungo, hupoozesha, na huua. Ukiwa umezama mara kadhaa, subiri angalau saa 18, na saa 24 ni bora. Haya ni kwa ndege isiyo na tatizo lolote, maana hata chumba kilichojazwa vizuri kina mgandamizo mdogo kuliko wa ufukweni. Mzamaji aliyezama asubuhi akakutwa jioni na lililompata Mwalimu yuko katika hatari ambayo barakoa haiiondoi.

Muuguzi wa Ngamiani alijibu:

Kwa ufupi, kuhusu pumu. Mama aonane na daktari wake miezi kadhaa kabla ya Hija, na daktari akiona anahitaji oksijeni ya ziada safarini, shirika liarifiwe mapema, kwa sababu ile ya barakoa za dharura haitolewi kwa ajili hiyo. Dawa yake ya kuvuta akae nayo mfukoni au kwenye mkoba wa mapajani, isiwekwe kwenye begi la juu. Mtandio hauna haja ya kuvuliwa; ukanda wa mpira unapita juu yake, ilimradi pua na mdomo viwe wazi ndani ya barakoa. Na kama kuna mtoto wa kupakatwa, ndege hubeba barakoa zaidi ya idadi ya viti, kwa hiyo mtoto asishirikishwe ya mtu mzima.

Mwalimu wa Chumbageni aliandika tena:

Nawashukuru kwa dhati, na nawaomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Jana baada ya sala ya magharibi niliketi na mama barazani nikamsomea majibu yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Ya vali na tyubu ya baiskeli aliyasikiliza akichambua mchicha, bila kuinua kichwa. Nilipofika pale Binti Pangani aliposema ushahidi ni mimi, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniuliza, "Kwani wewe ulikuwa umepotewa?" Nikamwambia ndiyo, mama, sikujua hata barakoa ni ya nini. Akasema alidhani nimeshikwa na woga, na kwamba siku zote tisa alikuwa akinionea huruma kwa kuwa mwoga.

Mtoto amepimwa, ngoma ya sikio haikutoboka, amepewa dawa na analala vizuri.

Leo asubuhi tumechukua vikombe vitatu vya plastiki, tukavitoboa na kuvitia mpira wa kushonea, tukafanya mazoezi kwenye kochi. Nilimkataza mama asinisaidie na yeye akanikataza nisimsaidie. Mara ya kwanza mpira ulikwama tena kwenye mtandio, mara ya nne alivaa kabla yangu. Amekubali nimuulizie nafasi ya mwakani. Ametoa sharti moja, kwamba kiti cha katikati kiwe chake, ili mkono wa kulia umfikie mjukuu na wa kushoto unifikie mimi. Nimemkumbusha kuwa mjukuu haendi Hija. Amesema sharti ni kwa safari zote.